Pale Kanda Ilipotafunwa

Kanda ilikuwa ya mjomba Tweve,
aliitoa Kapiri enzi za kazi yake ya reli.
Betri tulizianika juu ya bati
hadi jua la Makambako, lisilokausha hata soksi,
lizikamue kilichobaki.
Tukasikiliza. Tukarudisha nyuma kwa kalamu. Tukasikiliza.
Mimi na daftari la mistari mikubwa
naandika Kilingala nisichokijua
kama karani anayeorodhesha wageni:
nilivyosikia, ndivyo.

Ubeti wa tatu redio ikala utepe.
Tuliuvuta taratibu, kama utumbo wa kuku,
tukauunga kwa rangi ya kucha ya Semgeni,
lakini kati ya neno na neno
pakabaki shimo la sekunde nne.

Sekunde nne jukwaani ni ndefu.
Gita la Ambokile linakwenda, halisubiri mtu
(uzi wa tatu ni waya wa breki ya baiskeli, unakula vidole),
ngoma inakwenda, macho yote kwangu,
na mdomo wangu, kwa woga, ukaamkia:
kamwene, kamwene,
kama anayeingia ua wa watu usiku.
Baa nzima ikaitikia.

Basi, ikawa hivyo miaka sita.
Wapakia mbao, wanawake wa viazi,
utingo anayengoja lori litengamae,
wote walijua mahali pa kuinua chupa.
Hatukudai kuwa wimbo ni wetu.
Ubaoni mlangoni tuliandika kwa chaki LEO KOPI TUPU
na kiingilio hakikupungua.
Mtu wa hapa Kinshasa hafiki.
Kinshasa ije yenyewe, imevaa sweta.

Julai moja, ukungu umeshuka hadi kizingitini,
aliingia Ngoie, dereva wa shaba, wa Lubumbashi.
Alikunywa bia ya moto, akasikiliza kichwa kikiwa chini.
Tulipopumzika akaniita.
"Uko naimba muzuri. Lakini huyu Kamwene ni nani?
Ni mwanamuke?"
Nikamweleza. Akacheka hadi akashika meza.
Kisha akaniomba daftari,
akaziba shimo kwa mwandiko wa kulala, wino wa bluu.
Nikauliza maana yake.
Akasema: pale jamaa anadai deni lake la viatu.

Viatu!
Na sisi tulioufanya wimbo wa kuagana,
tulioupiga Semgeni alipoolewa Ludewa
mama yake akalia mpaka kitenge kikalowa.

Ijumaa iliyofuata niliimba sawasawa.
Kila silabi mahali pake, deni na viatu vyake,
hata Ambokile alinigeukia.
Na baa ikanyamaza
kama jenereta lilipozimika sikukuu ya Pasaka.
Akasimama Mgaya, bado ana vumbi la mbao kwenye nyusi:
"We! Umekosea!"
Wakaanza kupiga meza.
Wakaurudisha ubeti wenyewe, bila mimi,
na walipofika pale
wakaamkiana, meza kwa meza,
huyu na yule, hadi jikoni,
hadi kwa mlinzi aliyekuwa nje na moto wake wa maranda.

Nilishusha kipaza sauti.
Sikujua kama nimeshindwa au nimepewa.

Daftari ninalo. Jalada limetoka.
Mstari wa Ngoie upo kwa wino,
wetu upo chini yake kwa penseli, umefifia,
na huo ndio ninaouimba.
Ila siku treni ya usiku inapochelewa,
wateja watatu, wawili wamelala,
namwashiria Ambokile apunguze
nauimba ule wa wino, taratibu,
kwa ajili ya mwenyewe, popote alipo,
ajue kwamba viatu vyake
huku baridini kuna mtu anavikumbuka,
ingawa hela, kwa kweli, hatuna.